MGONJWA WA POMBE ATIBIWE AKIWA KWAKE, NA KAZI YAKE IMNGOJE



Barua za kuomba mchango zimezidi katika ofisi ya tawi. Zamani karibu zote zilikuwa za mazishi, na chache za karo ya watoto. Siku hizi zimo nyingine: zinaomba chama kisaidie kumpeleka mwenzetu katika nyumba za kurekebishia walevi, zile ambazo vijana huziita rihabu. Huandika mke wa memba, au kaka yake. Na mara nyingine huja mama mzee mwenyewe, akaketi katika benchi pale nje mpaka karani amalize kazi. Maneno yao ni mamoja: mchukueni, mpelekeni mbali akakae miezi mitatu, sisi hapa nyumbani tumeshindwa.

Hakuna hata mmoja katika kamati anayewacheka watu hawa. Wamekwisha uza mbuzi, wamekwisha uza redio, na sasa wamekuja kwetu kwa sababu chama ni ndugu. Lakini ni wajibu wetu kusema yale tunayoyaona, hata kama hayapendezi. Tukiendelea kuchanga kwa njia hii, mfuko wa misaada utakwisha kwa watu watatu au wanne, na hao watatu wanne aghalabu watarudi mjini wakiwa na nafuu kidogo na bila kazi. Nasi twaona kwamba iko njia nyingine ya kuwasaidia, ambayo mfanyakazi aweza kuimudu, na ambayo haimwondoi katika kazi yake wala katika nyumba yake.

Tazameni hesabu kwanza. Agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024 liliweka Sh. 16,113.75 kwa mwezi kuwa mshahara wa chini wa kibarua katika Nairobi, Mombasa na Kisumu, bila ya posho ya nyumba. Rihabu za watu binafsi huomba makumi ya maelfu kwa mwezi, na zile zenye bustani na kuta nyeupe hupita laki. Tuchukue moja isiyo ghali, tuseme ya Sh. 60,000. Miezi mitatu ni Sh. 180,000. Hiyo ni mishahara ya miezi 11 na zaidi ya kibarua yule, ikiwa hatakula, hatalipa kodi ya nyumba, wala hatapanda matatu.

Hiyo ni fedha. Jambo la pili ni siku, na hili watu wengi hawalifikirii mpaka limewafika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Akiugua, na awe ametumikia miezi miwili mfululizo, ana siku 7 za mshahara kamili na siku 7 nyingine za nusu mshahara. Mikataba ya pamoja mingi huongeza juu ya hizo, lakini sheria tupu yampa majuma sita hivi, akizitumia siku zote pamoja na asiugue tena mwaka huo. Rihabu ya miezi mitatu yataka majuma 12 au 13. Basi yale majuma yaliyobaki yatatoka wapi? Yatatoka katika huruma ya tajiri, nasi twajua huruma hiyo hupimwa kwa kijiko cha chai.

Ndiyo maana mwenzetu hutoka kule na cheti mkononi, akafika getini, akakuta jina lake halimo. Mtu aliyeacha pombe juzi, hana kazi, anadaiwa na ukoo mzima, na tangu asubuhi mpaka jioni hana la kufanya: huyo mnafikiri atakwenda kukaa wapi?

Watu watatujibu kwamba pombe ikimshika mtu ni ugonjwa mkubwa, na mgonjwa sharti alazwe. Maneno haya haya yalisemwa zamani juu ya kifua kikuu. Desturi ilikuwa kumlaza mgonjwa katika hospitali ya peke yake kwa miezi mingi, apate hewa safi, chakula kizuri na kupumzika. Katika miaka ya 1950 madaktari wa mji wa Madras, huko India, walifanya jaribio. Wagonjwa wengine waliwalaza. Wengine waliwapa dawa zile zile wakakaa kwao, katika vyumba vya kimaskini vilivyojaa watu, na chakula hafifu. Matokeo yalitangazwa mwaka 1959. Wale wa nyumbani walipona karibu sawasawa na wale waliolazwa. Kilichoponya kilikuwa dawa, si kitanda. Leo memba wetu akipata kifua kikuu huchukua dawa katika dispensari, na wala hakuna anayesema ametupwa.

Pombe si kifua kikuu, na haina kidonge cha miezi sita. Lakini swali ni lile lile: ni kitu gani hasa kinachomsaidia mtu kuacha, na je, kitu hicho chapatikana ndani ya ukuta peke yake? Mwaka 1977 madaktari wa London walitoa habari za wanaume 100 wenye wake, wote wagonjwa wa pombe. Nusu walipewa matibabu yote yaliyokuwapo, na hospitali ilipobidi. Nusu waliitwa mara moja tu pamoja na wake zao, wakapewa shauri la wazi, wakaambiwa kazi iliyobaki ni yao wenyewe. Baada ya mwaka mmoja, hali za makundi hayo mawili hazikutofautiana sana. Hatusemi kwa sababu hiyo kwamba matibabu hayana faida. Wanaume wale walikuwa na wake na makao, na hilo si jambo dogo; ndilo hasa tunalotaka lionekane. Ukimtoa mtu katika kazi na nyumba ili umponye, huenda umemnyang'anya nusu ya dawa yake.

Wala si lazima twende ng'ambo kutafuta ushahidi. Kule Eldoret watafiti walichukua watu 75 waliokuwa wakitibiwa virusi vya Ukimwi na ambao walikuwa wakinywa kupita kiasi. Kundi moja liliendelea na matibabu ya kawaida. Kundi la pili liliongezewa mikutano sita, mmoja kila juma, iliyoongozwa kwa Kiswahili na washauri ambao hawakuwa madaktari, ila walifundishwa kazi hiyo vizuri na kusimamiwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Siku 90 baada ya mikutano kumalizika, kwa hesabu ya mia, 69 wa kundi lile walisema hawanywi. Wa kundi la kawaida walikuwa 38. Mikutano sita, ndugu zetu, katika lugha tunayosemea hapa, na bila kitanda hata kimoja! Baadaye jaribio hilo lilirudiwa kwa watu zaidi ya 600, na waliopata mikutano hiyo wakapunguza siku zao za kunywa kupita wale wa kundi jingine.

Tukumbuke pia ukubwa wa shida yenyewe. Uchunguzi wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila Wakenya 20 wa umri wa miaka 15 mpaka 65, mmoja ameshikwa na pombe hata hawezi kuiacha kwa urahisi. Katika kiwanda cha watu 400, hao ni 20. Hakuna mchango wa harambee utakaowalaza watu 20.

Serikali nayo, kila msiba ukitokea, hufanya lile inalolijua. Ilikuwa hivyo mwaka 2000 pombe ya kumi kumi ilipoua watu zaidi ya 100 huko Mukuru kwa Njenga. Ikawa hivyo mwaka 2014, na tena Februari 2024 kule Kirinyaga. Askari hutumwa, madrumu humwagwa, baa hufungwa. Hatukatai, wauzaji wa sumu washikwe. Lakini aliyekuwa akinywa pale jana bado anatetemeka leo asubuhi, na huyo hakuna askari anayemjia na dawa.

Basi sisi twafikiri mpango wetu uwe namna hii.

Kwanza lazima tuwatenge wale ambao hatari yao ni kubwa. Mtu ambaye kila asubuhi sharti atoe loki kwanza ndipo mikono itulie, huyo asiambiwe aache ghafla nyumbani peke yake. Pombe ni tofauti na vilevi vingine vingi kwa jambo hili: kuiacha ghafla kwaweza kuua. Kifafa chaweza kumjia katika siku mbili za kwanza. Na tangu siku ya pili au ya tatu aweza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwapo, na kuchomwa na homa. Aliyewahi kupata kifafa au kuweweseka namna hiyo, mwenye ugonjwa wa ini au wa moyo, mjamzito, mzee, au asiye na mtu wa kukaa naye, wote hawa waende hospitali. Lakini angalieni: kazi ile ya hospitali ni ya juma moja hivi, si miezi mitatu. Juma moja mfuko wetu waweza kulibeba, na siku za ugonjwa za sheria zinalitosha.

Wengine waliobaki waweza kupita siku hizo kwao. Daktari wa kituo cha afya humpima kwanza. Akiona yafaa, humpa vidonge vya kutuliza, vinavyopunguzwa siku hata siku, na vitamini ya B1, ambayo mwili wa mnywaji wa siku nyingi huwa umeipungukiwa. Mgonjwa aende dispensari kila asubuhi, au nesi au mhudumu wa afya wa mtaa ampitie. Vidonge vikae kwa mtu mwingine, apewe vya siku moja, na asivichanganye na pombe hata tone. Nyumbani pawe na mtu mzima asiyekunywa, uji, maji, na pahali pa kulala pasipo na kelele. Dalili za hatari zikionekana, apelekwe hospitali usiku huo huo bila kungoja kuche. Na tafadhali, mambo ya kumfungia mtu chumbani kwa kufuli, au kumfunga kamba ili pombe imtoke, tuyaache kabisa. Watu wamekufa kwa kupendwa namna hiyo.

Siku tano au saba zikipita, mwili umetulia, na hapo ndipo kazi kubwa huanza. Twataka chumba chetu cha mikutano kifunguliwe jioni moja kila juma kwa ajili ya wenzetu hawa, na wapatikane wanachama wawili au watatu watakaofundishwa na mshauri wa kituo cha afya namna ya kuongoza. Kazi ya jioni hizo si kuhubiri. Mahubiri wamekwisha yasikia. Ni kuulizana: kiu hukujia saa ngapi? Ukiwa na nani? Ukipita njia gani? Shilingi ngapi zilikwenda mwezi uliopita? Ni kujizoeza kukataa, kwa maneno hasa, maana mtu akinunuliwa chupa na msimamizi wake siku ya Jumamosi hajui jinsi ya kuirudisha bila kuvunja heshima. Wako pia wale wa chama cha walevi walioacha, kilichoanza Marekani mwaka 1935, nacho kina mikutano hapa Kenya. Hawatozi ada, na hawamuulizi mtu dini yake. Anayependa aende kwao vilevile.

Na siku ya mshahara ina neno lake. Wale waliotunga Sheria ya Ajira walijua shida hii, wakaandika kwamba mshahara usilipwe mahali panapouzwa vileo. Vizuri sana. Lakini leo mshahara huja kwa simu, na simu imo mfukoni, na mwenye mfuko amekwisha keti baa. Mwenzetu anayejaribu kuacha aweza, kwa hiari yake na kwa maandishi, kuomba sehemu ya mshahara iende moja kwa moja katika sako, na sehemu nyingine kwa mama watoto. Jioni ile ya mwisho wa mwezi asiachwe peke yake. Jirani yake wa shifti atembee naye mpaka mlangoni kwake. Hili halihitaji fedha hata senti.

Habari za unga ni tofauti kidogo. Hapa Pwani twawajua vijana wetu, tena wengine ni memba waliolipa ada zao. Aliyeshikwa na unga akiacha ghafla hupata arosto kali, lakini mara nyingi si arosto inayoua. Hatari kubwa huja baadaye: mwili umesahau unga, mtu akarudia kipimo chake cha zamani, akazimika. Kwa hiyo kumfungia mwezi mmoja kisha kumwachilia bila dawa kwaweza kuwa kumchimbia kaburi. Dawa iko, nayo ni methadoni. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuitoa mwaka 2011. Hapa Kenya ilianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha ikafika Malindi na Kisauni. Mgonjwa hufika kliniki kila siku, hunywa kipimo chake mbele ya nesi, arosto haimjii, naye aweza kwenda kazini kama mtu mwingine. Shida ni saa. Shifti huanza asubuhi na kliniki hufunguliwa asubuhi, na mwenzetu ameandikwa barua ya kuchelewa kwa sababu alikuwa akinywa dawa inayomwezesha kufanya kazi! Saa moja tu ya ruhusa, au shifti ya mchana, yatosha.

Hapo tumefika kwa matajiri. Wao hupenda kutusomea kifungu cha 44 cha sheria, kinachosema kwamba mfanyakazi akilewa saa za kazi hata asiweze kazi yake, aweza kuachishwa mara moja. Kifungu hicho kipo, nasi hatutamtetea mtu anayeendesha mashine akiwa amelewa, atatuua sote. Lakini kifungu cha 41 nacho kipo: lazima aelezwe kosa lake na asikilizwe, akiwa na mfanyakazi mwenzake au stewadi wa chama pembeni yake. Na Shirika la Kazi la Dunia lilitoa mwongozo mwaka 1996 likisema kwamba shida za pombe na vilevi zitazamwe kama ugonjwa mwingine wowote, na anayetaka kutibiwa asibaguliwe. Tena tuseme ukweli mwingine ambao wakubwa hawaupendi. Mtu anayebeba magunia shifti mbili mfululizo, analala saa nne, na kesho hajui kama ataitwa getini au hataitwa, huyo chupa haikumjia kwa uhuni tu. Tajiri akitaka wafanyakazi wasionywa, atazame na orodha yake ya shifti.

Wanachama wengine wametuuliza kwa nini ada ya mtu asiyekunywa imtibu mlevi. Twawajibu kwamba ada hiyo hiyo humzika, na kuzika ni ghali zaidi. Tena tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya ya jamii, awe mnywaji au asiwe. Yafaa chama kidai fedha hizo zilipe matibabu ya dispensari na ya mshauri, si vitanda peke yake.

Wengine wana hofu ya siri, na hofu yao ni ya haki. Jina likimfikia meneja kabla ya wakati, mpango wote umekufa. Kwa hiyo majina yasiandikwe katika kumbukumbu za kamati, stewadi asiweke orodha, na mtu aje kwa hiari yake. Stewadi atakayetoa siri aondolewe ustewadi siku hiyo.

Na je, rihabu zifungwe? Hatusemi hivyo. Wako wenzetu wasio na nyumba, au ambao nyumba wanayoishi ndimo chang'aa inamopikwa. Hao watahitaji pahali pa kukaa. Lakini kabla ya kulipa, jamaa waombe kuona leseni ya NACADA, wamuulize daktari ni nani na huja siku gani, na kama wageni huruhusiwa. Nyumba isiyotaka mke amwone mumewe, msipeleke mtu huko.

Kamati italeta mambo matatu mbele ya mkutano mkuu wa tawi. La kwanza ni chumba cha jioni na nauli ya wale watakaokwenda kufundishwa. La pili ni kwamba mfuko wa misaada ulipe kwanza juma la hospitali na nauli za kliniki, na maombi ya rihabu yatazamwe baada ya hayo. La tatu ni kifungu kipya cha kudai katika mkataba wa pamoja, kwamba mfanyakazi anayejitokeza mwenyewe kutibiwa ulevi asiachishwe kwa sababu hiyo, apewe saa za kwenda kliniki bila kukatwa mshahara, na akilazwa nafasi yake isijazwe na mtu wa kudumu. Wale ambao tayari wameandika barua za mchango wafike ofisini jioni yoyote baada ya kazi, waje na mgonjwa wao ikiwa atakubali. Karani atawapeleka wenyewe kituo cha afya, bila kungoja mkutano.